Unyakuo na Unyakuzi

Yeyote apitaye Bustani ya Jeevanjee saa za chakula cha mchana humkuta mhubiri. Amesimama juani, Biblia mkononi, kipaza sauti miguuni pake, na mbele yake wameketi makarani wasio na fedha za chakula, wachuuzi wanaopumzika, na vijana waliotembea kwa miguu kutoka Kawangware na Kangemi kuja mjini kutafuta kibarua. Mahubiri yenyewe hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Siku za mwisho zimewadia. Vita vya Mashariki ya Kati, mafuriko, ukame na bei ya unga, yote yalitabiriwa. Serikali za dunia zinamtengenezea njia Mpinga Kristo. Basi mwenye hekima na ajiandae kwa unyakuo, aachane na mambo ya dunia, na la kwanza katika mambo hayo ni siasa.

Hatuandiki ili kumcheka mhubiri huyo. Tulikuwa wenzake. Sisi tunaoandika tahariri hii tuliokoka tukiwa wanafunzi wa shule za bweni katika miaka ya 1990, tukalishwa unabii pamoja na ugali, na tulipoingia chuo kikuu kusomea sheria tulikuwa tukiijua orodha ya ishara za mwisho kuliko tulivyoijua Katiba ya nchi yetu. Leo hatumo tena katika kundi hilo, ingawa kanisani hatujaondoka. Tunaona tuna deni la kueleza sababu, kwa kuwa jambo lenyewe si la imani ya mtu binafsi pekee. Ni jambo la utawala, na linawahusu wapenda mageuzi wote, wawe wa madhehebu gani.

Tulifundishwa kwamba kitabu cha Danieli na Ufunuo wa Yohana ni ratiba ya mambo yajayo, na kwamba ratiba hiyo husomwa sambamba na gazeti la siku. Mafundisho hayo hayakuzaliwa Afrika. Yaliundwa katika karne ya 19 na mhubiri John Nelson Darby, yakaenezwa Marekani kwa Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield iliyochapishwa mwaka 1909, na mwaka 1970 yakatiwa moto mpya na kitabu cha Hal Lindsey, The Late Great Planet Earth. Vitabu vya aina hiyo vilitufikia vimechakaa, vimepita mikono mingi, na tuliviamini kuliko tulivyowaamini walimu wetu wa historia.

Humo ndimo tulimosoma kwamba pembe kumi za mnyama ni nchi za Soko la Pamoja la Ulaya. Ugiriki ilipojiunga mwaka 1981 idadi ikatimia kumi, na wahubiri wakatangaza kwamba kila kitu kiko tayari. Mwaka 1986 Uhispania na Ureno zikaingia, zikawa nchi 12. Hakuna aliyesimama madhabahuni kukiri kwamba hesabu ilikosewa. Mmarekani mmoja, Edgar Whisenant, aliyepata kuwa mhandisi wa NASA, akatoa kijitabu chenye sababu 88 za kuthibitisha kwamba unyakuo ungetukia Septemba 1988. Septemba ikaja, ikapita. Usiku wa kuamkia mwaka 2000 sisi wenyewe tulikesha tukingoja kompyuta za dunia zizimike na parapanda ilie. Kulipopambazuka, matatu za namba 46 zilikuwa zikiita abiria wa Kawangware kama ilivyo desturi.

Kukosea tarehe ni kosa dogo. Bwana mwenyewe alikana kuijua siku hiyo, basi si ajabu mwanadamu akiikosa. Kosa kubwa ni yale tuliyoyaacha bila kuyatenda wakati tukingoja.

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyo ndugu. Unyakuo ni kule kuchukuliwa kwa waaminifu kwenda mbinguni. Unyakuzi ni kule kuchukuliwa kwa mali ya umma kwenda mifukoni mwa wachache. Miaka ile waliookoka walikuwa wakilingoja la kwanza, na wakubwa walikuwa wakilitenda la pili. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwaka 1991 bustani hiyo hiyo ya Jeevanjee, anamosimama mhubiri wetu, ilipangiwa majengo. Kufikia Januari 1999 sehemu za Msitu wa Karura zilikuwa zimekwisha kugawiwa wajenzi wa majumba. Mpango wa Uhuru Park na ule wa Karura ulikabiliwa na Wangari Maathai na wenzake, waliotukanwa Bungeni na kupigwa msituni. Ule wa Jeevanjee ulipingwa na Zarina Patel, mjukuu wa mzee Jeevanjee, pamoja na raia wengine wa jiji hili. Mhubiri wa leo ana mahali pa kusimama kwa sababu walikuwapo watu waliokataa kuiacha dunia ijiendee.

Hatusemi kwamba kanisa lote lililala. Historia ya mageuzi nchini haiandikiki bila majina ya Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, Askofu David Gitari, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki na Mchungaji Timothy Njoya. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipotimuliwa kwa virungu na vitoa machozi kutoka Uhuru Park, walipokewa na Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika kanisa hilohilo na kuwapiga waliokuwamo, na damu ya Mchungaji Njoya ikamwagika. Lakini ni lazima tuseme na upande wa pili. NCCK ilipoupinga upigaji kura wa mlolongo mwaka 1986, yako makanisa ya kiinjili yaliyoona heri kujitoa katika baraza hilo kuliko kuonekana yanabishana na dola. Na katika shule yetu ya bweni, habari za mambo hayo zilitufikia kama mfano wa makanisa yaliyopotea njia, yakaacha kuhubiri wokovu.

Watawala hawakuchelewa kuona faida ya hofu za kiroho. Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Tunaikumbuka hofu ya siku zile. Bwenini tuliambizana habari za pete, nyoka na damu. Katikati ya jiji watu walilinyoshea kidole jumba la Freemasons lililoko Barabara ya Nyerere, wakalipita upande wa pili. Ripoti ya tume ilikaa serikalini hadi mwaka 1999 ndipo ikatolewa hadharani.

Tuyatazame sasa yaliyokuwa yakitendeka wakati taifa likimtafuta shetani. Kashfa ya Goldenberg ilikuwa imefichuka mwaka 1993: mabilioni ya umma yalilipwa kuwa zawadi ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwako. Maelfu kwa maelfu ya wananchi waliofukuzwa katika mashamba yao ya Bonde la Ufa tangu mwaka 1991 walikuwa wakilala katika vibanda vya plastiki, na Desemba 1994 waliokuwa katika kambi ya Maela walisombwa kwa malori usiku. Wizi ule ulikuwa na saini za watu, na malori yale yalikuwa na madereva na waliowatuma. Tume ya kuchunguza mapigano ya kikabila ilingoja hadi mwaka 1998, na ya Goldenberg hadi mwaka 2003. Shetani alipewa tume kwanza.

Na kama mtu alitaka kweli kumwona mnyama, hakuwa na haja ya kwenda Ulaya kuhesabu pembe. Palepale pakutanapo Barabara ya Kenyatta na Barabara Kuu ya Uhuru, chini ya Jumba la Nyayo, mlikuwa na vyumba vya giza ambamo wapinzani waliozeshwa majini na kupigwa hadi wakiri makosa ya uzushi. Wakazi wa Nairobi walipanga foleni ghorofani kuomba pasipoti, na chini yao binadamu walikuwa wakilia. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003. Tulipoingia kuviona tulijiuliza jinsi tulivyoweza kukaa usiku kucha tukijadili ni nani Mpinga Kristo, ilhali hatukuwahi hata mara moja kuuliza kilichomo katika orofa ya chini ya jengo la serikali.

Siku moja ndiyo iliyotutoa usingizini. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliovurugika, Kawangware na Kibera ziliwaka moto. Tume ya Jaji Philip Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Tulikuwa mawakili wachanga, na katika ushirika wetu wa jioni alikuwamo mama mmoja muuza mboga ambaye kibanda chake na chumba alichopanga viliteketezwa. Alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za mzigo alioununua sokoni, kitabu cha chama cha akina mama kilichoungua pembeni, na karatasi yenye majina ya vijana aliowatambua kwa macho yake. Alitaka tumwandikie hati ya kiapo.

Kiongozi wa ushirika akasimama, akaeleza kwamba hayo yote ni mwanzo wa utungu, kwamba Maandiko yanatimia, na kwamba dada yetu asijisumbue na mahakama za dunia inayopita. Sisi tuliosomea sheria tukaitikia amina. Mama yule akaifunga bahasha yake, akatuuliza kwa upole: ndugu zangu mawakili, ikiwa ni mwisho, mbona mwenye nyumba bado anadai kodi ya Januari?

Hatukuwa na jibu. Baada ya majuma machache alirudi kwao mashambani, na bahasha ile hatukuiona tena. Ushahidi wake haukusikilizwa popote. Lawama hiyo hatumtupii mtu mwingine. Ni yetu.

Tangu siku hiyo tumelitafakari swali lake, na tunaamini lina kiini cha jambo lote. Katika sheria, kila tendo lina mtendaji. Nyumba ikiungua, yuko aliyewasha kiberiti, yuko aliyenunua petroli, na yuko aliyetoa amri. Katika unabii tuliofundishwa, matukio hayana mtendaji: hutimia tu. Njaa hutimia, wizi hutimia, hata mauaji hutimia. Mtawala hawezi kupata wakili wa utetezi aliye bora kuliko huyo. Mtu akishasadiki kwamba maovu yote yaliandikwa tangu zamani, hatamuuliza waziri maswali, na asiyeulizwa maswali huendelea kula.

Msomaji asidhani kwamba tunazungumza habari za zamani. Mwaka 2019 serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba, mitaa yetu ya magharibi, tangu Uthiru hadi Dagoretti, ilijaa mjadala mmoja: je, namba hiyo ni 666? Wako waliokataa kuandikishwa kwa kuihofia chapa ya mnyama, na wako viongozi wa dini waliosimama kuwatuliza waumini kwamba sivyo. Serikali iliufurahia mjadala huo, maana kumjibu mwenye hofu ya 666 ni kazi rahisi. Yaliyokuwa magumu kujibiwa ni mengine. Kwa nini mpango mkubwa namna hiyo uliingizwa kwa sheria ya marekebisho madogo madogo ya mwaka 2018? Ni nani atakayeziweka alama za vidole vyetu, na akiziuza tumshtaki wapi? Asiye na cheti cha kuzaliwa atahesabiwa kuwa nani?

Maswali hayo yaliulizwa, na baadhi ya walioyauliza walitoka karibu nasi sana. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Kwa vizazi vingi vijana wao walipitishwa katika mahojiano ya ziada kabla ya kupewa kitambulisho, kana kwamba ni wageni. Wao walijua maana ya namba inayoamua nani ni mtu na nani si mtu. Jumuiya yao ya kutetea haki, Nubian Rights Forum, ilikwenda Mahakama Kuu pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Aprili 2019 mahakama ilizuia serikali kumlazimisha mtu yeyote au kumnyima huduma kwa kukosa namba hiyo. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu waliruhusu mpango uendelee kwa sharti kwamba kwanza iwekwe sheria ya kutosha, na wakakataza kukusanywa kwa chembe za nasaba na habari za mahali mtu anapoishi zipimwazo kwa setilaiti. Tarehe 14 Oktoba 2021, katika shauri la Katiba Institute, Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu. Ushindi huo uliletwa na hati za viapo, mashahidi na vifungu vya Katiba. Tuliokuwa tumezoea kuhesabu 666 tulichangia nini?

Hata hivyo, tusiwadharau walioogopa. Mwafrika wa Kenya ana sababu ya kuiogopa namba ya serikali. Wazee wetu walivikwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa ukali baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume mzima alikitembeza katika kijaluba cha bati shingoni, na bila sahihi ya mwajiri wake hakuweza kuacha kazi wala kupata nyingine. Ikiwa kuna chapa ambayo bila hiyo mtu hawezi kuuza wala kununua, wazee wetu waliivaa. Nao walifanyaje? Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922 kwa kuipinga dhuluma hiyo na nyinginezo, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi, karibu na palipo Chuo Kikuu leo. Tarehe 16 Machi risasi zilimiminwa. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Wazee hao waliomba, kisha wakasimama mlangoni mwa mwenye madaraka wakataka mtu wao. Hawakumngoja mnyama apite.

Hofu isiyoelekezwa kwenye swali huishia pabaya. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu nchini Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililokuwa likingoja mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, baada ya tarehe waliyopewa kupita bila kutukia neno. Tulisikitika, tukasema hayo ni ya majirani. Aprili 2023 yakatufikia nyumbani. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa, na idadi ya maiti ikapita 400, wakiwamo watoto wengi. Kiongozi wao, Paul Mackenzie, alikuwa amehubiri kwa miaka dhidi ya shule na hospitali, na mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa walioihubiri Huduma Namba kuwa chapa ya mnyama. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2024 alikana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama, nasi hatutaitangulia. Tunasema hili tu: mbegu iliyopandwa huko msituni hatukuiona kuwa ngeni. Tuliwahi kuibeba mfukoni.

Sasa atauliza msomaji wetu mlokole, na ana haki ya kuuliza: je, mnakana kurudi kwa Bwana? La, hasha. Ukiri wa imani wa makanisa yetu husema atarudi kuwahukumu walio hai na wafu. Tunachokana ni kuugeuza ukiri huo kuwa ruhusa ya kukaa. Hukumu ni neno la mahakamani. Anayengoja hukumu hutayarisha ushahidi.

Tena tuurudie Ufunuo wenyewe, tuusome kama wasomavyo watu waliopata kufungwa. Yohana aliuandika akiwa kisiwani Patmo kwa ajili ya ushuhuda wake, na mapokeo ya kanisa husema alihamishiwa huko kwa amri ya dola. Aliyaandikia makanisa saba ya Asia Ndogo, yaliyoishi chini ya Rumi, na katika miji ile kaisari alijengewa mahekalu na kufukiziwa ubani. Mnyama wa sura ya 13 ni dola inayodai kuabudiwa, inayosifiwa na manabii wake wa uongo, na inayomnyima riziki asiyeinama. Msomaji wa Kenya aliyeziona siku za chama kimoja, picha ya mtu mmoja katika kila duka, na mfanyabiashara aliyekosa leseni kwa kukosa kadi ya chama, hahitaji Scofield wa kumfasiria. Barua ile iliandikwa ili watu wathubutu. Sisi tuliisoma ili tujifiche.

Naye nabii Yeremia, alipowaandikia mateka wa Babeli, hakuwapa tarehe ya kuhesabia vidole ili wakunje mikono. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie heri mji walimohamishiwa. Ikiwa mateka waliagizwa kuutunza mji wa adui, seuze sisi ambao mji ni wetu?

Liko na suala la sheria, ambalo kama mawakili hatuwezi kulikwepa. Baada ya Shakahola serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, aliyepata kuwa katibu mkuu wa NCCK, nalo likatoa ripoti yake mwaka 2024 likitaka mashirika ya dini yawekewe utaratibu mpya. Si mara ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2016 kanuni zilizotaka, pamoja na mengine, wachungaji wawe na vyeti vya elimu ya dini ziliondolewa baada ya makanisa kulalamika.

Msimamo wetu ni huu. Kumnyima mtoto chakula, shule au tabibu ni kosa la jinai, liwe limefanyiwa kanisani au kilabuni, na sheria za kulizuia zilikuwapo kabla ya Shakahola. Kilichokosekana ni maofisa wa kuzitekeleza, ingawa mhubiri yule alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 2017. Uwazi wa hesabu za sadaka tunauunga mkono. Lakini kumkabidhi msajili ufunguo wa mimbari hatukubali. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri na wa ibada, nasi hatujasahau kwamba ni meza ya msajili iliyoinyima usajili Islamic Party of Kenya mwaka 1992, na kuiweka Safina mlangoni tangu mwaka 1995 hadi Novemba 1997. Atakayepewa uwezo wa kumnyamazisha nabii wa uongo, kesho atamwita Njoya nabii wa uongo.

Lakini makanisa yakitaka serikali isiwasahihishe, hayana budi kujisahihisha. Tunayaomba mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, baada ya matangazo ya Jumapili pasomwe tangazo la miswada na la bajeti ya kaunti, na waumini waende kutoa maoni. Vifungu vya 118 na 196 vya Katiba vimewapa haki hiyo. Mwaka 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa na kuufasiria wazazi wao kwa lugha za nyumbani. Makumi yao waliuawa, na mswada haukutiwa saini. Hawakungoja ishara. Walisoma.

La pili, kila kanisa la mtaani liwe na meza moja ambapo aliyeonewa ataandikiwa maelezo yake, na mawakili waumini wakae hapo kwa zamu. Sisi tutakaa.

La tatu, fedha za wanasiasa zisipokewe madhabahuni. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais urudishwe. Lililowezekana kwa Wakatoliki haliwezi kuwashinda waliookoka.

La nne, mchungaji ahubiripo juu ya siku za mwisho, aulizwe swali moja: mahubiri haya yanatufanya tumuulize mtawala maswali, au yanatufanya tuache kuuliza? Yakitufanya tuache, tuyaogope, hata yakiwa na aya mia.

Ndugu msomaji, mahali fulani mashambani labda ingaliko bahasha yenye stakabadhi za mboga na kitabu kilichoungua pembeni. Ikiwa mwenye bahasha hiyo anausoma ukurasa huu, au anasomewa, ajue kwamba tunamkumbuka na tunamwomba radhi. Kalamu na karatasi ya kiapo vingalipo. Nao wengine wengi wenye bahasha kama yake wanapita kila siku katika mitaa ya Kawangware, Kangemi na Kibera, na Jumapili wanaketi karibu nasi. Tuwafungulie. Naye Bwana akija, na atukute kazini.